Mkono wangu umehesabiwa shilingi 668,928, bado sijaona hata moja

Kwa Mhariri,

Barua ya bwana mmoja mwenye kiwanda, iliyotoka kwenye ukurasa wako wa barua mwezi uliopita, ilinifikia kwa njia ya mahamri. Mimi hununua magazeti ya zamani kwa kilo nikafungia wateja. Asubuhi hiyo jicho lilitua kwenye neno "kidole", nikamwacha mteja amesimama na hela yake mkononi. Bwana huyo aliandika kwamba vibarua wa siku hizi wamegundua ujanja wa kujikata vidole makusudi ili walipwe fidia, kwamba waajiri wanafilisika kwa ajili yao, na kwamba serikali iitazame upya sheria kabla viwanda havijahamia nchi jirani.

Ukurasa huo sikumfungia mtu. Niliukunja nikautia kwenye mfuko wa karatasi zangu za kesi, na leo namjibu. Naomba radhi kwa urefu. Naandika kwa mkono wa kushoto, ambao nimeufundisha kazi hii ukubwani, kisha mwanangu ataipiga chapa kwa simu. Kila neno utakaloliona hapa limenitoa jasho.

Nilifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha vyombo vya plastiki huku Mombasa. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko kortini, na pia sina haja ya kukitangazia bure. Tulitengeneza mabeseni, ndoo, vikombe na zile kata za kuchotea maji. Kwa miaka yote sita niliitwa kibarua. Kila baada ya miezi mitatu tuliambiwa tupumzike siku mbili, kisha tunarudi getini kama wageni. Baadaye sana ndipo nilipoonyeshwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachosema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, si kibarua tena. Pengine zile siku mbili za mapumziko zilikuwa dawa ya kifungu hicho. Sisi tulidhani ni huruma.

Mashine ya beseni ni taya mbili za chuma. Punje za plastiki huingia juu kwenye hopa, huyeyuka, husukumwa ndani ya moldi, yaani kalibu, taya zikiwa zimefumba, maji hupita ndani ya chuma kuipoza, kisha taya hufunguka. Unafungua mlango, unatoa beseni, unafunga mlango, taya zinafumba tena, na wewe huku unakata kile kimkia cha plastiki kwa kisu. Mlango huo una suichi. Ukiwa wazi, mashine haifumbi hata ufanye nini. Ndivyo walivyoiunda wenyewe huko ilikotoka.

Sasa kufungua na kufunga mlango kunakula sekunde tatu, nne. Shifti yetu ilikuwa ya saa 12 na lengo lilikuwa mabeseni 1,000. Piga hesabu: sekunde tatu mara elfu moja ni dakika 50, na ndani ya dakika 50 yanatoka mabeseni sabini. Kwa hivyo suichi ilifungwa kwa waya na mlango ukaachwa wazi. Si mimi niliyeifunga. Niliikuta imefungwa, walionitangulia nao waliikuta imefungwa, na waya wenyewe ulikuwa umeshika kutu.

Usiku mmoja wa Septemba 2021, yapata saa tisa, beseni liling'ang'ania kwenye moldi. Hulivuta. Likikataa, hulibembeleza kwa kipande cha mbao. Nilikuwa nimekwisha kulibembeleza mara mbili. Yaliyofuata sitayaeleza, maana najua kuna watoto wanaosomeshwa Kiswahili kwa gazeti hili. Nitasema tu kwamba kitufe cha kuzifungua taya kiko upande wa pili wa mashine, mkono usikofika, na mwenzangu wa upande huo alikuwa amekwenda kunywa maji.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kule. Kifundo hakikunjiki. Kidole gumba kipo na kile cha mwisho kipo, vinatazamana kama watu wa nyumba moja wasiosemezana. Bwana mwenye kiwanda anataka kujua kama nilifanya makusudi. Nilikuwa na miaka 38, mjane, na watoto watatu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mimi yangu miwili ilikuwa hainitoshi, ningeuza mmoja?

Kampuni ilinipeleka hospitalini kwa pikapu ya mizigo, na hilo siwanyimi. Lakini tulipofika, supavaisa aliniuliza kwanza kama nina kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati ule. Ninayo, nikamwambia, kwa maana nilikuwa nikijilipia mwenyewe shilingi 500 kila mwezi kama watu wa biashara ndogondogo, kampuni haikuwa imetuandikisha. Ikatumika hiyo. Yaani mimi niliyeumia kazini kwa mtu ndiye niliyejitibu. Dawa zisizokuwamo kwenye kadi alinunua kaka yangu. Leo najua sheria inamtaka mwajiri alipe matibabu yote ya ajali ya kazini, na nauli ya kwendea hospitali, na hata mkono wa bandia kama ukihitajika. Wakati ule nilijua tu kwamba supavaisa amenishika bega akasema, "Pole mama, kampuni haitakutupa."

Na kweli haikunitupa, kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili walikuja nyumbani watu wawili kutoka ofisini, wakaketi, wakanywa chai. Walileta unga, sukari, mafuta ya kupikia na shilingi 30,000 ndani ya bahasha. Pamoja na bahasha kulikuwa na karatasi ya Kiingereza ya kutia sahihi. Walisema ni ya kuonyesha tu kwamba pesa zimefika, maana mhasibu ni mkali. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kama mtoto mchanga, kwa hivyo wakasema dole la kushoto linatosha, wino wamekuja nao.

Mwenyezi Mungu ana njia zake. Binti yangu mkubwa alikuwa Kidato cha Pili na siku hiyo alikuwa nyumbani kwa ajili ya karo. Aliichukua ile karatasi akaisoma kimya, kisha akasema, "Mama, hapa wanasema umelipwa kila kitu na hutadai tena kampuni milele." Yule mgeni mkubwa akacheka akasema mtoto hajaelewa Kiingereza cha ofisi. Mtoto akamsomea sentensi nzima kwa sauti. Chai haikuisha. Waliondoka na bahasha yao; unga waliuacha, na unga tuliula.

Namsimulia bwana mwenye kiwanda jambo hili kwa sababu aliandika kwamba wafanyakazi wana tamaa. Kijana aliyekuwa akisaga mabaki ya plastiki, chumba cha nyuma, alipoteza vidole viwili mwaka uliotangulia wangu. Yeye alitia dole. Alipewa 15,000. Nilipomtafuta kumwambia kwamba angeweza kudai, alikuwa amekwisha kurudi kwao Kaloleni anaendesha bodaboda ya mtu, na miezi 12 ambayo sheria inampa mtu kuwasilisha dai ilikuwa imepita. Miezi 12 ni mingi kwa anayejua kwamba inahesabiwa. Yeye hakujua. Kama huyo naye alijikata makusudi, basi aliuza bei ya hasara.

Sheria yenyewe ya fidia ya majeraha ya kazini watu wengi tunaiita WIBA, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ni ya 2007, ikaanza kutumika 2008, ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya fidia ya wafanyakazi iliyokuwapo tangu ukoloni. Mimi si mwanasheria, lakini mtu akikatwa mkono hujifunza. Mwajiri akiarifiwa ajali, anatakiwa aipeleke taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Kuna fomu. Sehemu moja anaijaza mwajiri, nyingine anaijaza daktari, kisha ofisi inapiga hesabu. Na haibagui kibarua na mwenye mkataba. Pia mwajiri anatakiwa awe na bima ya majeraha ya wafanyakazi wake. Kwa maandishi, ni sheria ya watu waungwana.

Siku saba zilipita, zikapita wiki saba, zikawa miezi. Kila nikienda getini naambiwa fomu iko kwa meneja, meneja yuko Nairobi. Februari 2022 nikapanda matatu mwenyewe hadi kwenye ofisi ya serikali, nikiwa na barua ya kutolewa hospitalini na mkono wangu. Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, hakunipa pole hata moja. Aliuliza tarehe, saa, aina ya mashine, na kama suichi ilikuwa ikifanya kazi. Nilipomweleza habari ya waya aliacha kuandika akanitazama. Akaiandikia kampuni barua. Fomu iliyokuwa "kwa meneja" kwa miezi mitano ilifika ofisini kwake baada ya siku nne.

Ilifika, lakini ilikuwa na jambo. Hapa naomba wafanyakazi wenzangu wasome taratibu, hata wakiruka kwingine. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa hivi: kipato cha mwezi mara miezi 96, kisha asilimia ya ulemavu aliyokupa daktari. Mimi daktari alinipa asilimia 40. Kwa hivyo kila kitu kinaning'inia kwenye hicho kipato cha mwezi. Mimi nililipwa 670 kwa siku, siku sita kwa wiki, ambayo ni siku 26 kwa mwezi, shilingi 17,420. Kampuni iliandika kwenye fomu kwamba mimi ni kibarua wa hapa na pale, nafanya kama siku 18 kwa mwezi, kipato changu 12,060.

Ukichukua hesabu yangu, inatoka 668,928. Ukichukua yao, inatoka 463,104. Kwa kalamu moja tu, bila kumgusa mtu, walikuwa wameninyofoa shilingi 205,824 nyingine.

Kilichoniokoa ni M-Pesa. Kampuni ilikuwa ikitulipa kila Jumamosi kwa simu, shilingi 4,020, mara sita 670. Nilikwenda nikatoa taarifa ya miezi kumi na miwili, karatasi baada ya karatasi, Jumamosi baada ya Jumamosi, 4,020, 4,020, 4,020. Afisa alipitia kwa rula. Zile wiki za "mapumziko" zilionekana, nazo ni nne tu kwa mwaka, na hata hizo nilikuwa nimepata 2,680, kwa maana ya siku nne. Akaniambia hizo siku mbili mbili si mimi niliyezitaka, hazipunguzi kitu. Akaandika 17,420. Tangu siku hiyo nawaambia akina dada wote wanaolipwa kwa simu wasifute ujumbe hata mmoja. Mwenye kulipwa mkononi naye aandike kwenye daftari la mtoto, tarehe na kiasi, kila siku atokayo getini. Ni heri hilo kuliko kwenda mikono mitupu. (Mwanangu anacheka akipiga chapa hapa. Mwache acheke.)

Katikati ya hayo alinijia broka. Kwenye mahospitali yetu wapo, wanajua wodi kuliko manesi. Alivaa tai, akaniambia niachane na fomu za serikali, yeye ana wakili atakayeishtaki kampuni kwa uzembe nipate milioni mbili, wao wachukue nusu. Ile habari ya nusu ndiyo iliyonishtua, milioni mbili ziliniingia vizuri tu. Nilimuuliza afisa. Akanieleza kwamba kifungu cha 16 cha sheria hii kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kortini kudai fidia ya ajali ya kazini. Dai linapita kwa Mkurugenzi. Chama cha Wanasheria kilikipinga kifungu hicho na vingine, Mahakama Kuu ikakubaliana na Chama kwa sehemu kubwa mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikapindua mengi ya hayo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019 kwa kusema kifungu hicho hakivunji Katiba. Ajali yangu ni ya 2021. Kwa hivyo yule bwana wa tai alikuwa akiniuzia mlango uliokwisha kujengewa ukuta.

Sisemi ukuta ule ulijengwa kwa ubaya. Zamani, nasikia, mtu alikwenda kortini miaka minane, akipata pesa anagawana na wakili na broka, anarudi nyumbani na nauli. Waliotunga sheria walitaka mtu aliyeumia alipwe upesi bila kugombana na mtu. Na kwangu ilikuwa upesi kweli, hadi pale. Juni 2022 barua ilikwenda kwa mwajiri: lipa shilingi 668,928. Sheria inampa siku 90. Nakala yangu niliitia kwenye plastiki ngumu. Nilimwambia binti yangu kwamba Septemba tutalipa karo yote na madeni ya duka.

Septemba ilikuja ikapita. Kampuni ikasema suala liko kwa bima. Kampuni ya bima ikasema mwajiri alikuwa hajalipia bima yake mwezi ule wa ajali. Mwajiri akasema alilipia, ila risiti iko kwa wakala. Nimekwenda ofisi ya bima mara sita na kiwandani siwezi kuhesabu. Kote nasalimiwa vizuri. Nimejifunza kwamba mtu asiyetaka kukulipa hukukaribisha kiti.

Bwana mwenye kiwanda aliandika kana kwamba kibarua akikatika kidole anapokea hundi jioni. Hapa ndipo ninapotaka anisikie. Sheria ilininyang'anya haki ya kwenda kortini kudai, ikanipa badala yake karatasi yenye tarakimu. Lakini sheria hiyohiyo haikuandika waziwazi nani atamshika mkono mwajiri aliyekaidi karatasi hiyo. Wakili mmoja anayewasaidia watu wasio na uwezo aliniambia hata majaji wamewahi kutofautiana, huyu akisema korti fulani ndiyo yenye mamlaka ya kutekeleza uamuzi wa Mkurugenzi, yule akisema si hiyo. Sasa mimi wa mahamri nitajua nini ambacho majaji wamekitofautiania?

Hatimaye, Aprili 2024, wakili huyo alipeleka ombi kortini, si kudai fidia upya, ni kuomba tu ile barua ya 2022 ipewe nguvu ya hukumu ili madalali wa korti waweze kwenda kiwandani. Ombi la kurasa chache. Limeahirishwa mara tano. Mara ya kwanza wakili wa kampuni alikuwa hajapata maelekezo. Mara ya pili alikuwa mgonjwa. Mara ya tatu faili yake ilikuwa Nairobi, nikakumbuka meneja. Mara ya nne alileta hoja kwamba asilimia 40 ni kubwa mno, mkono upimwe tena. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi alipewa siku 60 za kupinga, naye Mkurugenzi siku 14 za kujibu, na baada ya hapo siku 30 za kukata rufaa. Kampuni haikupinga ndani ya siku 60, wala ndani ya 600. Imengoja hadi nilipokwenda kudai ndipo ikaona vidole vyangu havikukatika vya kutosha. Mara ya tano sikumbuki sababu. Nilikuwa nimefunga kibanda siku mbili na nilikuwa nawaza unga.

Niruhusu nirudi kwenye hesabu mara moja tu. Asilimia 40 ya miezi 96 ni miezi 38 na siku kadhaa. Ndiyo thamani ya vidole vyangu vitatu na kifundo kwa kipimo cha serikali: mshahara wa miezi 38. Barua hii naiandika Julai 2025. Tangu usiku ule imepita miezi 46. Yaani hata wakinilipa leo jioni, kile kipindi ambacho pesa hiyo ilihesabiwa kunibeba kimekwisha kupita, nami nimejibeba. Na hakuna aliyezungumzia riba. Shilingi yangu ya Juni 2022 imelala kwenye akaunti ya mtu mwingine, inamzalia yeye.

Ningekuwa na uwezo wa kumwambia mbunge wangu jambo moja, ningemwambia hilohilo. Asihangaike kuongeza asilimia wala miezi. Aandike kwenye sheria kwamba siku 90 zikipita bila malipo na bila pingamizi, barua ya Mkurugenzi ni hukumu, imekwisha, haihitaji ombi wala wakili wala kuahirishwa, na riba inaanza kuhesabiwa siku ya 91. Na cheti cha bima kibandikwe getini, kando ya lile bango la "Hakuna Kazi", tukisome tunapoingia. Tungejua mapema kama kimelipiwa au risiti iko kwa wakala.

Nampa bwana mwenye kiwanda haki yake pia. Najua mwenye kiwanda kidogo chenye watu kumi, dai moja la laki sita linaweza kumlaza njaa. Ndiyo maana sheria ikataka bima, ili asilipe kutoka mfukoni. Na kama kweli ana mfanyakazi aliyejiumiza kusudi, sheria ilikwisha kumfikiria: jeraha lisilo kubwa lililotokana na utovu wa makusudi wa mfanyakazi halilipwi. Apeleke ushahidi. Wapo waongo duniani, sikatai, nimefanya kazi na wawili. Lakini katika miaka sita nilihesabu watu watano walioumia vibaya katika kiwanda kile, na kati yetu watano aliyelipwa fidia kwa njia ya sheria hayupo hata mmoja. Ujanja gani huo ambao mjanja hapati kitu?

Nilisikia kutoka kwa msichana wa shifti ya mchana kwamba waya ulikatwa wiki moja baada ya ajali yangu, wakaja watu na kamera wakapiga picha suichi ikifanya kazi. Mwaka uliofuata lengo lilipandishwa hadi mabeseni 1,100. Sijui kama waya umerudi. Sekunde zile tatu lazima zitoke mahali.

Siku hizi naamka saa kumi. Binti yangu, aliyekwisha kumaliza shule kwa mchango wa msikiti na wa shangazi zake, hunikandia unga kabla hajaenda kazini. Akiwa hayupo nakanda kwa mkono wa kushoto na kiwiko cha kulia. Mahamri yangu yanasifiwa Jomvu nzima, nayasema haya bila aibu. Unga nakandia kwenye beseni la plastiki, la buluu, lenye ule ukingo uliokunjwa. Nililinunua sokoni Kongowea. Nilipoligeuza kuangalia chini niliona alama ya moldi, nikaijua.

Kama bwana mwenye kiwanda bado anaamini aliyoyaandika, namkaribisha. Mhariri ana namba yangu. Aje kabla ya jua kuchomoza, siku ambayo binti yangu hayupo. Sitamwambia neno, na mahamri mawili ya moto nitampa bure. Nitamwomba tu anishikie lile beseni, maana likianza kuteleza kwenye meza huwa sina mkono wa kulizuia.

Mama Rehema,
Jomvu, Mombasa